Mukate wa ngano ya stoki ku mbabula ya makala, bila foro

Ngano yangu inakaaka mu bido ya manjano ya lita 20, chini ya kitanda, na kama uko mutu wa Goma utaelewa juu ya nini. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati vita iliingia mu muji, kurant ilikatika, mayi ilikatika, butiki zikafungwa, na ba mama benye kuuzishaka mikate asubuhi ku barabara yetu hatukubaona tena siku mingi. Mi nilikuwa na batoto bane ndani ya nyumba. Kwetu kulikuwa kilo 15 ya ngano nzima, chumvi, sukari kidogo na mafuta nusu chupa, na batoto balikula mukate. Tangu ile siku sikubalie tena bido ibaki tupu.

Ile ngano ilitoka Lubero, kwa mama mukwe, kule ku milima baridi iko kali na batu banalimaka ngano tangu zamani. Lakini hata ya ku soko inafaa, uliza tu kama ni ya mavuno mupya.

Kitu ya kwanza: chunga mbegu, usichunge bunga. Ngano nzima yenye kukauka muzuri inakaa miaka, lakini ukishaisaga, ile fasi ya ndani yenye kuwa na mafuta inakutana na hewa, kisha wiki kidogo bunga inanuka mafuta ya zamani na mukate unakuwa muchungu. Mi nilisagishaka kilo 10 mara moja juu sikutaka kurudi kupanga mustari ku mashini, nusu nikaitupa, na iliniuma sana. Sasa nasagisha ya mikate mbili ao tatu tu. Na ukifika ku mashini angalia nani amekutangulia, kama ni mutu wa mihogo ya kuvundikwa umuache mwengine apite kwanza, la sivyo bunga yako itabeba ile harufu yote. Siku za vita mashini haikukuwa, tulitwanga mu kinu na kuchekecha mara mbili, inachosha mikono lakini mukate unatoka.

Mbele ya kutia ngano mu bido, uma mbegu moja na meno. Ikipasuka na kulia, iko kavu, ikibonyea irudishe ku jua. Bido ikauke kabisa ndani, ujaze mpaka ku shingo, utie kipande ya plastiki chini ya kifuniko na ukaze, juu badudu banahitaji hewa, ikiisha banakufa bao wenyewe. Usiiweke chini ku simenti, weka mbao. Na mbegu yenye kuota ukungu, ngano ao mahindi, usiisage hata njaa ikiwa kali namna gani, ile sumu yake moto haiiuwe.

Sasa mukate wenyewe. Nusu kilo ya bunga, kijiko kidogo moja na nusu ya chumvi, kijiko kikubwa ya sukari, vijiko vikubwa mbili vya mafuta, kijiko kidogo ya levire kavu (hamira). Mayi ya vuguvugu, karibu mililita 350, na hapa njo batu bengi banaharibu: bunga ya ngano nzima inakunywa mayi mingi lakini inakunywa pole pole, mutu anaona inanata anaongeza bunga, anaongeza tena, mwisho mukate unakuwa muzito na kukauka siku ya pili. Changanya tu, funika, uache nusu saa bila kugusa. Ukirudi utakuta donge imebadilika yenyewe, inavutika, njo ukande dakika 10 na mikono yenye mafuta. Kisha iache ivimbe mpaka ikaribie mara mbili. Huku kwetu tuko juu, karibu metre 1.500, levire inapandisha mbio, usifuate saa, fuata macho.

Levire yenyewe uipime kwanza mu mayi ya vuguvugu na sukari kidogo, kama kisha dakika 10 haitoe povu imekufa. Na kama hauna kabisa, tengeneza ya kwako: vijiko vitatu vya bunga na mayi ya kuchemshwa yenye kupoa, mu bwate, kila siku unatoa nusu na kuongeza bunga na mayi mupya. Siku ya pili ao ya tatu inaweza kunuka vibaya kisha inyamaze, batu banaitupa hapo, mi nakuomba usiitupe. Karibu siku ya sita itapanda na kunuka uchachu muzuri. Ba mama ba ku vijiji banaelewa hii kitu tangu zamani, si njo bunga ya mtama inachachishaka kasiksi, ile pombe ya ndizi? Tia nusu kikombe mu nusu kilo ya bunga na uache donge usiku muzima, baridi ya Goma inaisaidia kupata ladha.

Ngano ikiwa kidogo, changanya na bunga ya mahindi ao ya muhogo, fungu moja ku mafungu tano, si zaidi, juu hizo hazina ule ulimbo wenye kushika hewa.

Pa fasi ya foro, tia ku mbabula sufuria kubwa yenye chini nzito. Weka muchanga mukavu ao mawe madogo ya volkano, lakini yawe makavu kabisa, jiwe yenye mayi ndani inaweza kupasuka na kukuumiza. Funika, ipashe moto dakika 15, kisha weka ndani sufuria ndogo ya donge yenye kupakwa mafuta. Makala kidogo chini, makala mingi juu ya kifuniko. Mukate wangu wa kwanza uliungua chini na katikati ulikuwa mubichi, sababu niliweka moto yote chini. Dakika 40 hivi, ugonge chini yake na kidole, ukilia kama ngoma umeiva. Na mbabula ikae inje ao fasi yenye hewa, tafazali, hata kama inje kuko mvua, moshi ya makala inauwa batu bakiwa banalala.

Uache upoe saa moja mbele ya kukata, ndani bado unaiva. Na kabla ya kuweka donge ku moto, mi nachomoaka kipande sawa yayi, naifukia mu bunga kavu ndani ya bwate. Kesho kutwa naivunja mu mayi ya vuguvugu, naanza mukate mwengine.