Maswali na Majibu: Injini Ipi kwa Gemu Ipi?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: Doom, Quake na wenzao, gemu za kupiga risasi za miaka ya 1990, wachezewe kwenye poti gani siku hizi. Poti ni programu inayoiendesha gemu ya zamani kwenye kompyuta za leo kwa kutumia faili zake. Nimechagua chache.

Poti ipi ni bora kuliko zote?

Ya gemu gani? Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila likirudi linakuja vilevile: halitaji gemu, halitaji ramani (uwanja wa kuchezea), halisemi hata neno kuhusu kompyuta. Anza na unachotaka kucheza, poti itafuata. Ukitaka Doom ya 1993 kama ilivyokuwa, pamoja na mipaka na kasoro zake, chukua Chocolate Doom. Ukitaka Doom hiyohiyo yenye mwendo laini na picha safi zaidi, kuna Crispy Doom na Woof. Ramani kubwa zilizojaa maadui zinahitaji DSDA-Doom. Modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, zenye silaha mpya, mazungumzo na menyu zake zenyewe ni za GZDoom, au UZDoom, tawi lililoanzishwa mwaka 2025 na waendelezaji waliojitenga. Kwa kupambana na wenzako mtandaoni, tazama Odamex na Zandronum. Hizi ni kazi tofauti, na anayekuambia poti moja inazimaliza zote amecheza aina moja tu ya ramani.

Natumia GZDoom. Mbona Doom imekuwa rahisi mno, na kuta zina ukungu?

Kwa sababu unacheza Doom iliyobadilishwa bila wewe kujua. Afadhali umeuliza, maana wengi huishia kusema gemu yenyewe imepitwa na wakati.

Ukungu kwanza. Hiyo ni tekscha, yaani picha inayobandikwa ukutani, inayolainishwa na kadi ya michoro. Picha za Doom ni ndogo sana na zilipangwa pikseli kwa pikseli. Ukizilainisha, sura ya shetani inageuka uji. Ingia kwenye mipangilio ya picha, zima uchujaji wa tekscha, kisha rudi utazame ukuta uleule.

Sasa urahisi. Katika Doom ya asili mchezaji haruki. Anaweza kupanda kitu chenye kimo kisichozidi vipimo 24 vya ramani, basi. Mtengenezaji anayekuwekea ukingo wa vipimo 32 amekujengea ukuta: unaiona bunduki pale juu, unajua ni lazima utafute swichi au njia ya kuzunguka nyuma. GZDoom inakuruhusu kuruka isipokuwa ramani yenyewe ikataze. Ukiruka ukingo ule, umefuta nusu ya kazi ya mtu kwa kitufe kimoja. Umeruka pia mitego aliyoipanga njiani, na huenda ukajikuta umenasa mahali ambapo hakutarajia mtu afike.

Zima kuruka na kuchuchumaa. Kulenga juu na chini ni hiari yako, ila jua kwamba ya asili ilipandisha na kushusha risasi yenyewe, na ramani zake zilitengenezwa kwa msingi huo. Halafu kuna maadui kuwa na kimo kisicho na mwisho. Zamani shetani aliye chini ya genge alikuzuia usipite hewani juu yake, na aliweza kukung'ata ukiwa juu. GZDoom imeliondoa hilo, lakini ukilitaka lipo kwenye mipangilio ya upatanifu.

Jambo moja hukuuliza. Picha ya Doom ilikuwa 320 kwa 200, ikivutwa wima kujaza skrini ya 4:3. Kama kwenye poti yako maadui wanaonekana wafupi na wanene, urekebishaji wa uwiano umezimwa. Uwashe.

Sisemi GZDoom ni mbaya. Kuna kazi nzuri ajabu zisizoweza kuendeshwa na poti nyingine. Ninachopinga ni kumpa mgeni GZDoom yenye mapambo yote yamewashwa, kisha kumwambia hiyo ndiyo Doom.

Nina faili ya DOOM1.WAD lakini modi zinakataa kufunguka.

Hiyo ni shareware, toleo la bure la kujaribia, lenye sehemu ya kwanza peke yake. Nunua gemu kamili, au kama hela haipo tumia Freedoom, faili mbadala za gemu ambazo ni huru kisheria.

Maelezo ya ramani yanasema “Boom”. Chocolate Doom inaikataa. Tatizo nini?

Tatizo ni kwamba umesoma maelezo ukayapuuza. Boom ni poti iliyotolewa mwaka 1998 na kikundi cha TeamTNT, ikaleta sakafu zinazosukuma kama mikanda ya kiwandani, kuta zinazopitisha mwanga na swichi za kila namna. Chocolate Doom haina hata kimoja, wala haikusudii kuwa nacho. Tumia Woof au DSDA-Doom. Unapoianzisha DSDA-Doom, ongeza kwenye amri yake `-complevel 9` kwa ramani za Boom, 2 kwa ramani za Doom II ya asili, 11 kwa MBF na 21 kwa MBF21, viwango vilivyojengwa juu ya Boom.

Namba hizo zina maana: zinaiambia injini ifuate kanuni zipi. Demo ya Doom, yaani rekodi ya mchezo, haihifadhi video. Inahifadhi amri za mchezaji tu, mara 35 kila sekunde, na injini inaucheza mchezo upya kutoka hapo. Adui mmoja akigeukia upande mwingine kwa sababu kanuni moja imebadilika, baada ya muda mfupi mchezaji aliyerekodiwa anapiga risasi ukutani huku wanaomuua wako nyuma yake. Tofauti ndogo hizo ndizo zinazofanya lifti isishuke au mlango usifunguke kwenye ramani unayocheza wewe. Ukikwama mahali, kabla ya kumlaumu mtengenezaji, hakikisha namba uliyoweka ndiyo aliyoandika.

Quake yangu haina muziki, na nikipandisha fremu (picha kwa sekunde) vitu vinaanza kutetemeka.

Muziki wa Quake ulikuwa kwenye CD kama nyimbo za kawaida, ndiyo maana nakala nyingi za kupakuliwa huja kimya. Ndani ya folda ya `id1` tengeneza folda `music`, weka humo nyimbo kuanzia `track02.ogg` hadi `track11.ogg`. Hakuna `track01`, maana wimbo wa kwanza wa CD ile ulikuwa data ya gemu. Usicheze Quake kimya. Ile mivumo ya bendi ya Nine Inch Nails ni nusu ya hofu yake.

Kutetemeka kunatokana na fizikia iliyofungwa kwenye fremu. Quake ilizoea 72 kwa sekunde. Poti ya Ironwail imetenganisha mambo hayo mawili, na inabeba ramani kubwa za leo bila kulegea, lakini inadai kadi ya michoro inayokubali OpenGL 4.3. Kama kadi yako haifiki hapo, QuakeSpasm iliyobaki kwenye 72 inatosha kabisa. Na wanaoniandikia kila mara kuhusu vivuli na maji yanayong'aa ya DarkPlaces, poti nyingine ya Quake: itumieni kwa modi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Giza la Quake lilipangwa na watu waliojua wanachokificha.

Duke Nukem 3D na Blood zote zimetoka kwenye injini ya Build. Poti moja inatosha?

Raze inaziendesha zote mbili, na Shadow Warrior pia, kwa menyu zilezile za GZDoom. Kwa Duke pekee, hasa modi zake kubwa, nenda EDuke32. Msimbo wa Duke ulitolewa mwaka 2003, na kazi iliyojengwa juu yake ni ya miaka mingi. Msimbo wa Blood haukuwahi kutolewa kwa umma. NBlood ilipatikana kwa watu kuichambua programu yenyewe kipande kwa kipande, na inaifuata ya asili kwa uaminifu mkubwa. Kwa Blood naipendelea hiyo.

Kompyuta yangu ni kuukuu, haina kadi ya michoro ya maana.

Crispy Doom au Woof. Zinachora kwa prosesa, kama zamani.

Nimepata poti kwenye tovuti ya kupakua magemu, antivirusi inalalamika. Niizime?

Usiizime! Futa faili hiyo. Poti zote nilizotaja zinatolewa bure na waliozitengeneza, kwenye kurasa zao wenyewe. Hakuna sababu ya kuzitafuta kwa mtu mwingine.

Nimesasisha poti, sevu zangu zote hazifunguki.

Na hazitafunguka kwenye toleo jipya. Rudisha toleo la zamani, maliza ulichoanza, ndipo usasishe. Kila toleo liwe na folda yake, na faili za gemu zikae kando, mahali ambapo hakuna poti itakayozigusa. Ukibadilisha modi katikati ya mchezo utapata hasara ileile, kwa hiyo orodha ya modi ulizoanza nazo usiiguse mpaka umalize.