Natuma risiti, printa imenyamaza tu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la spea za pikipiki hapa Ngamiani, Tanga, risiti zangu ni za nakala tatu za kaboni ndo maana bado natumia Epson LX-300 ya zamani, ile ya waya mnene wa paraleli. Kijana mmoja alinibadilishia mfumo akaniwekea Debian (aina ya Linux) na toka siku hiyo printa imegoma. Yenyewe ni nzima, nikishikilia kitufe cha kusogeza karatasi huku naiwasha inachapa majaribio yake vizuri. Nimeingia kama root (mwenye mamlaka yote ya kompyuta) nikaandika echo jambo > /dev/lp0, kompyuta haikulalamika hata kidogo ila printa haikutikisika. Kwenye dmesg (ujumbe wa mfumo kuhusu vifaa) naona parport0 kwenye 0x378, ya lp0 sioni. Nikipiga ls -l /dev/lp0 inaleta -rw-r--r-- 1 root root 6. Watu wananishauri ninunue mpya, ile ya wino. Nifanyeje?
Dada wa spea, Ngamiani

JIBU: Marahaba dada. Ya wino usinunue kwa kazi hiyo, haigongi karatasi, kwa hiyo nakala ya pili na ya tatu zitakutokea nyeupe.

Jibu umeliandika mwenyewe, ni hiyo 6 mwishoni. Jambo ni herufi tano, ongeza alama ya mwisho wa mstari unapata sita, yani neno lako halijafika kwenye printa kabisa, limekaa ndani ya faili la kawaida ambalo wewe mwenyewe umelitengeneza bila kujua. Root akiandika kwenye /dev/lp0 wakati mlango wenyewe wa printa haupo, Linux haimkatalii, inamtengenezea faili lenye jina hilo na kunyamaza. Mlango wa kweli ukiuangalia kwa ls -l mstari unaanza na herufi c, wako umeanza na kistari. Hapa wengi sana wanapotea, wanahangaika na CUPS (programu ya kuchapa ya Linux) siku nzima wakati shida iko chini kabisa.

Parport0 inaonekana, maana yake poti imewashwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) na kompyuta inaiona (isingeonekana ningekutuma huko kwanza). Kinachokosekana ni moduli ya lp (kipande cha programu cha Linux), hiyo ndo inaunganisha poti na printa. Futa kwanza lile faili, rm /dev/lp0, usiruke hapo maana linakalia jina, halafu modprobe lp, halafu ls -l tena uone ile c. Ikitokea, fungua /etc/modules uongeze mstari wenye neno lp ili hata umeme ukikatika na kurudi moduli ijipakie yenyewe.

Sasa jaribu printf 'jambo\r\n\f' > /dev/lp0 ukiwa root. Ukitumia sudo echo utaambiwa huna ruhusa, kwa sababu ile alama ya > inafanywa na wewe na sio sudo. Hiyo \r usiisahau, inarudisha kichwa cha printa kushoto, bila hiyo mistari inaweza kushuka kama ngazi, kila mmoja ukianzia pale wa juu ulipoishia. Ukiona ngazi usiogope, ni dalili kwamba poti na waya vinafanya kazi.

Hapo ndo uende CUPS, fungua kivinjari uandike localhost:631, chagua draiva ya Epson ya pini 9, kama kulikuwa na ngazi zitaisha.

Na waya nao uuangalie, sisi wa pwani chumvi ya bahari inakula pini taratibu mpaka zinafanya kutu ya kijani. Zima vyote viwili, kompyuta na printa, kabla hujauchomoa, poti hizi hazikutengenezwa kuchomolewa zikiwa na umeme na nimeshaona bodi iliyoungua kwa haraka ya sekunde moja.