Namba Moja, Mahali Pamoja: Maswali ya Wasomaji wa Kisumu

Mwalimu, nimeunda programu ya mauzo ya mtandaoni kwa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele. VAT ya asilimia 16 nimeiandika kila inapohitajika kwenye msimbo. Kuna ubaya?

Upo, ndugu yangu, na siku ya kuuona ni siku kiwango kitakapobadilika. Tarehe 1 Aprili 2020 VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14; tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Wakati huo nilikuwa natunza mfumo wa duka moja. Ile 16 ilikuwa imetapakaa kwenye faili kumi na moja, nami nikabadilisha kumi. Iliyonipita ni ya risiti: mteja analipa kwa 14, karatasi inasema 16. Mwenye duka alibaki akijieleza kwa kila fundi aliyerudi na risiti mkononi.

Itoe namba hiyo kwenye msimbo, iweke kwenye jedwali la mipangilio ndani ya hifadhidata (ghala la data za programu), na kila sehemu ya programu iisome hapo. Lakini usifute 16 ukaandika 14 juu yake. Ongeza safu wima mbili kwenye jedwali: kiwango kinaanza lini, kinaisha lini. Ankara ya Machi 2020 ikichapishwa tena leo isome 16. Ya Juni mwaka huo, 14. Ukikosa tarehe, umebadilisha hesabu za nyuma za duka zima bila kujua.

Na nenosiri la hifadhidata na funguo za M-Pesa, niziweke humo humo?

Hapana! Nenosiri la hifadhidata haliwezi kufungiwa ndani ya mlango ambao lenyewe ndilo linaufungua. Siri zikae kwenye vigezo vya mazingira vya seva, yaani thamani ambazo programu huzisoma kutoka nje ya msimbo, na faili ya .env inayozibeba isiingie kamwe Git, mfumo unaotunza matoleo ya msimbo. Kama imeshaingia, kuifuta hakutoshi, maana historia ya Git inaikumbuka. Badilisha funguo zenyewe, leo hii.

Nimezima mauzo ya mkopo kwa kuandika "false" (si kweli) kwenye mipangilio, lakini kitufe bado kinaonekana. Niko Kibuye, mteja analalamika.

Pole, dada. Umehifadhi neno la kawaida, si thamani halisi ya kweli au si kweli, na kwa lugha za programu kama JavaScript, PHP au Python neno hilo lenye herufi tano huhesabiwa kuwa kweli. Kila mpangilio uwe na aina yake, na thamani igeuzwe inaposomwa. Kitufe kikigoma bado, huenda kache, yaani nakala ya muda ya mipangilio, ndiyo inayoshikilia thamani ya zamani: ifute kila mpangilio unapohifadhiwa.

Nani aruhusiwe kubadilisha mipangilio?

Watu wawili wanatosha. Na kila badiliko liandikwe: nani, saa ngapi, kutoka thamani gani hadi ipi.