Kalamu nyekundu na ile 980

Wiki iliyopita mliuliza: je, maoni ya mwalimu kwenye daftari yanamsaidia mwanafunzi wa sekondari kufaulu sayansi? Nilishika simu nikiwa na jibu moja tu: hapana. Madaftari ya mwanangu wa kidato cha pili yamejaa vema, kosa na "See me", na hiyo "See me" kila mtoto anajua inaishia kwenye fimbo. Maoni gani hayo?

Lakini kuandika tu kumenirudisha kidato cha tatu, shule ya kata, jaribio la pendulamu. Tulifunga nati ya baiskeli kwenye uzi, tukahesabu mibembeo 20 kwa saa ya mkononi ya mwalimu, tukabadili urefu wa uzi, tukarudia. Kisha grafu, kisha utafute g, yaani kiasi ambacho mvutano wa dunia unaongeza mwendo wa kitu kinachodondoka kila sekunde. Jirani yangu wa dawati alipata 980, akaandika mbele yake mita kwa sekunde mraba, akaipigia mistari miwili kwa rula. Grafu yake ilikuwa safi kuliko zote darasani. Mwalimu hakuweka kosa wala alama. Aliandika pembeni, tena kwa Kiswahili wakati somo zima ni Kiingereza: "Kwa g hii, jiwe likidondoka toka kwenye kenchi, mita 3, litafika chini baada ya muda gani? Lete kesho."

Tulikokotoa wote wawili. Ikatoka kama sekunde 0.08. Jamaa akapanda juu ya dawati, akaachia kifutio, akakiangalia kinavyoshuka bila haraka yoyote. "Sentimita!" Hakuwa amegeuza urefu wa uzi kuwa mita. g yake ilikuwa 9.8, jibu sahihi, muda wote.

Basi ni ndiyo? Ndiyo yenye masharti. Nadhani kilichofanya kazi ni "lete kesho", maana jamaa alirudia na kuna mtu aliyeangalia tena. Ila mwalimu yule alikuwa na mikondo minne, na kemia nayo kaibeba kwa kuwa hapakuwa na wa kuifundisha. Afadhali aandikie kumi kwa zamu kuliko kugawa vema kwa wote.

Na mkipima kwa matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, shahidi wangu ananiangusha: jirani yangu alipata D ya fizikia. B nilipata mimi niliyekuwa nachungulia daftari lake. Kwenye langu, siku ile, kulikuwa na vema tu.