Tuvalu: serikali inatumiaje zaidi ya pato la nchi?
Si kosa la hesabu mkuu, Tuvalu (kanchi ka visiwa huko Pasifiki) kuna miaka matumizi ya serikali yanapita kabisa asilimia 100 ya pato la ndani. Pato la ndani ni kile kinachozalishwa humo humo nchini, na pale wapo watu kama elfu 11 tu, viwanda hamna, watalii wa kuhesabu, kwa hiyo namba unayogawia (hilo pato) ni ndogo mno. Ila hela za serikali nyingi zinatoka nje, meli za kigeni zinalipia leseni za kuvua jodari, kuna ile .tv, herufi za mwisho wa anwani za tovuti, wanayoikodisha (bahati ya jina hiyo, inafanana na TV), misaada, na faida ya mfuko wao wa akiba ulioanzishwa 1987, sehemu kubwa ya hizo haiingii kwenye pato la ndani. Halafu wakiagiza mafuta au mashine, kwenye matumizi inaandikwa lakini kwenye pato la ndani inakatwa. Sasa usidhani wanachapa noti, wanatumia dola ya Australia. Mi ningeangalia leseni za samaki, jodari wakihama maji bajeti inayumba fasta.