Kwa mwanangu Hamisi: kuhusu saratani na kazi yako

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Babako hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Umeniuliza kama ni kweli wanajeshi hupata saratani kuliko raia, na kama mimi niliyeuguza wagonjwa wa saratani miaka yote ile, ningekuwa wewe, ningetia saini tena kwenye jeshi la anga la Marekani. Swali hili limeninyima usingizi, basi nikujibu yote.

Inategemea mwanajeshi yupi na saratani ipi. Jeshi halichukui mgonjwa. Unakumbuka walivyokukagua hadi meno. Raia mnaolinganishwa nao wamo wazima na wagonjwa. Kwa hiyo watu waliochujwa hivyo wakiugua sawa na watu wa mtaani, kwangu hilo tayari ni jambo la kuulizia. Tena nyinyi mnapimwa bila malipo, kwa hiyo uvimbe ambao kwa mwingine ungejificha, kwenu huonekana mapema na kuhesabiwa.

Sasa njoo kwa watu wa kazi yako. Mwaka 2023 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa utafiti wa wanajeshi karibu 900,000 waliorusha ndege au kuzihudumia kati ya 1992 na 2017. Wanaoruka nazo walizidi raia kwa asilimia 24 kwa saratani zote, na kwa melanoma, ile saratani ya ngozi, asilimia 87. Nyinyi mafundi mnaozihudumia zikiwa ardhini mlizidi kwa asilimia 3 tu, lakini saratani ya ubongo na neva ilizidi kwa 19, ya tezi ya shingo 15, ya figo 9. Ya mapafu ilikuwa chini kuliko ya raia. Usisome 19 ukadhani watu 19 katika kila 100 wataugua. Maana yake, pale ambapo raia wangeugua 100, kwenu wameugua 119, na saratani ya ubongo yenyewe ni adimu. Utafiti huo haukusema sababu ni nini.

Mimi nina wasiwasi na mafuta. Ulipokuja likizo nilikufulia ile fulana ya kijivu. Maji matatu, sabuni ya kipande, nikaianika juani mchana kutwa, na jioni nilipoikunja bado ilinuka kama mafuta ya taa. Mafuta ya ndege yana kemikali iitwayo benzini (benzene) ndani yake, na benzini husababisha saratani ya damu. Halafu ukanisimulia unavyojipenyeza ndani ya tangi la bawa! Mwanangu, barakoa yenye hewa unaivaa siku zote, au siku mkaguzi akija tu?

Ningetia saini, ndiyo, lakini kwanza ningeomba nitolewe kwenye matangi.

Na ile miezi sita ya Djibouti usiisahau. Sheria waliyoipitisha Marekani Agosti 2022 inaitaja Djibouti, na Somalia pia, miongoni mwa mahali ambapo mwanajeshi aliyehudumu huko akija kupata saratani fulani halazimiki kuthibitisha kwamba ni kazi iliyomletea ili alipwe fidia. Lakini lazima ijulikane kwamba ulikuwepo. Nunua daftari. Andika tarehe, kambi, tangi, saa ulizokaa ndani, na kama ulivaa glavu. Anza na Djibouti kabla hujasahau, kisha unipigie picha ukurasa wa kwanza unitumie kabla ya Ijumaa.

Mamako