Protoni sio goroli: kwa mnaoanza na data za protoni na risasi

Wadogo zangu mnaoanza kuchambua migongano ya protoni na viini vya risasi, kuna kitu kimoja ningekijua mapema kingeniokolea wiki kadhaa. Msiichukulie protoni kama goroli, yaani kitu cha duara chenye ukubwa uleule kila inapogonga.

Darasani wote tunajua ina kwaki (chembe ndogo za ndani yake) na gluoni (zinazozishikilia pamoja), kwaki zilishaanza kuonekana tangu miaka ya 1960 mwishoni kule SLAC, maabara ya Marekani. Ila ukikaa kwenye kompyuta unasahau. Unaweka namba moja ya ukubwa wa shabaha, milibani 70 hivi (milibani ni kipimo cha eneo la shabaha) kwa nishati ya 5.02 TeV ya LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe kule CERN, unairusha protoni kwenye kiini chenye protoni 82 na nyutroni 126, unahesabu imegonga protoni na nyutroni ngapi za kiini, unapata wastani kama 7, umemaliza. Na wastani uko sawa kabisa! Tatizo liko kwenye mgongano mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nimegawa migongano kwa nishati inayomwagika kwenye kalorimita (kifaa cha kupima nishati) ya upande inakoelekea risasi, nishati nyingi naita mgongano wa katikati, kidogo naita wa pembeni, kama tunavyofundishwa wote. Nikachora grafu ya jeti, yaani mafungu ya chembe yanayorushwa kwaki au gluoni zikigongana kwa nguvu, nikalinganisha na idadi iliyotarajiwa. Zile jeti kali sana za upande wa protoni zikawa pungufu kwenye migongano ya katikati, afu kwenye ya pembeni zikazidi hesabu. Nikapekua programu mstari kwa mstari, hamna kosa. Siku moja nikajumlisha yote bila kugawa, uwiano wa jeti zilizoonekana kwa zilizotarajiwa ukarudi karibu na 1. Hapo ndo nikaelewa hakuna jeti iliyopotea, zimehama fungu tu. ATLAS, jaribio mojawapo la LHC, walishaliona hili kwenye data za 2013, PHENIX, jaribio la Marekani, nao kwenye migongano ya deuteroni na dhahabu.

Sasa kwa nini zihame? Jeti kali namna ile haitoki mpaka kwaki moja iwe imebeba sehemu kubwa ya momenta (uzito mara mwendo) ya protoni nzima, na maelezo ambayo mimi naona yana uzito ni kwamba protoni ikiwa kwenye hali hiyo inakuwa imejikusanya, ndogo, gluoni chache, kwa hiyo inagonga wachache. Mtu akipita sokoni na godoro kichwani anagusa kila mtu, aliyejibana anapenya. Ikigonga wachache kalorimita inapata nishati kidogo, na wewe unauandika mgongano ule kuwa wa pembeni hata kama protoni ilipita katikati kabisa ya kiini.

Kwa hiyo ukiona upungufu kwenye migongano ya katikati usikimbilie kusema umeona plazma (supu ya moto ya kwaki na gluoni) inameza jeti, nawaomba sana. Kwanza jumlisha mafungu yote uone. Pili, chora kwa nishati nzima ya jeti badala ya momenta ya kukingama (ile ya kukata njia ya protoni) peke yake, mistari ya pembe tofauti za upande wa protoni ikilaliana ujue unaiangalia protoni yenyewe, sio kiini. Tatu, kwenye simulesheni toa ile 70 isiyobadilika, weka ukubwa unaopanda na kushuka kila mgongano. Ukishaweka, angalia mkia wa ile grafu ya idadi ya waliogongwa, utauona unarefuka.